Smoke on the Water: huyu Blackmore anasifiwa kwa noti 12 tu au kuna kitu sikioni?

#1 Swali Tu
Wakuu salaam. Huku kazini tumebishana mpaka chai imepoa ikabidi nije kwenu. Mimi nimejifunza gita kwaya, miaka minne sasa, na kitu cha kwanza jamaa aliyenifundisha alinionyesha baada ya Do Re Mi ni kile kipande cha mwanzo cha Smoke on the Water ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Siku moja tu nikakiweza. Sasa najiuliza, huyu mpiga gita wao Ritchie Blackmore kila orodha ya wapiga gita wakali yumo, watu wakimtaja wanavua kofia, wakati kazi yake inayojulikana kuliko zote ni 0-3-5, 0-3-6-5, 0-3-5-3-0, yaani namba za mahali pa kubonyeza uzi, 0 ni uzi mtupu. Hesabu mwenyewe, mapigo 12. Hata mdogo wangu wa darasa la tano anapiga. Mimi nasema kabebwa na ule mkasa wa moto, bila moto wimbo ule ungekuwa wa kawaida kabisa. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mti Mkavu
Siti ya mbele, karanga ninazo. Wajuzi mje.

#3 Rizimu ya Mwisho
Mleta uzi umeanza vizuri ukamalizia kwa kupuyanga. Nikuulize kitu kimoja tu, ulipokuwa unapiga hiyo 0-3-5 yako ulitumia piki, kile kidude cha kuchapia nyuzi?

#4 Swali Tu
Ndio mkuu, piki. Kwani?

#5 Rizimu ya Mwisho
Basi hujaipiga bado. Blackmore pale hatumii piki, anachomoa nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole, gumba na kidole kingine, ndio maana zinatoka kwa mpigo mmoja kama mtu anagonga mlango. Ukishusha piki uzi mmoja unatangulia mwingine unafuata, hata kama ni kwa nukta ya sekunde sikio linajua. Halafu jambo la pili, wengi wanapiga zile kodi za nguvu za kawaida, noti na ya tano yake. Yeye kapiga kwa nne, yaani D chini G juu, zinatembea pamoja hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndio maana mlio wake umebana, haujatanuka. Jaribu leo jioni kisha urudi hapa uombe radhi.

#6 Kifaranga
hahaaa kaomba hoja kaletewa hoja

#7 Bi Mwanaisha wa Forodhani
Jamani mie gita sijui ila mkasa wa moto naujua, nilisimuliwa na marehemu kaka yangu alokuwa baharia, kaupenda wimbo ule kufa. Alisema Deep Purple walikuwa wakipiga kwenye kasino huko Uswisi, shabiki akatia moto, watu wakafa, ndo wakatunga. Ni kweli?

#8 Mzee Kanda
Bi Mwanaisha shikamoo. Kaka yako alikuwa karibu ila kachanganya mawili matatu.

Waliokuwa jukwaani si Deep Purple, ni Mmarekani Frank Zappa na kundi lake la Mothers. Ilikuwa tarehe 4 Desemba 1971, kasino ya Montreux, pembeni ya ziwa Geneva. Deep Purple walikuwa mjini kusubiri tu, maana kesho yake kasino ilikuwa inafungwa kwa msimu wa baridi na wao walishapanga kurekodi albamu mle ndani. Walikuwa wamekodi ile studio ya kwenye lori ya Rolling Stones, lori zima limejaa mitambo. Zappa anapiga, mtu mmoja kwenye hadhira akafyatua bastola ya ishara, zile za melini, ikaenda kudunga dari. Dari lenyewe lilikuwa limefunikwa kwa fito za henzirani. Nyinyi watu wa pwani mnajua henzirani kavu ikishika moto inakuwaje.

Na hakuna aliyekufa. Kasino yote iliungua, vyombo vya Zappa vyote viliungua, lakini watu walitoka. Yule anayetajwa kwenye wimbo kwa jina la Claude ni Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, alikuwa anaingia na kutoka akivuta vijana nje.

#9 Bi Mwanaisha wa Forodhani
Marahaba mwanangu. Alhamdulillah hawakufa. Henzirani na makuti usiniambie, nimeona hoteli ikiteketea huku kwetu kabla hata ya mtu kuvaa viatu.

#10 Chuma cha Reli
Naongezea kwa Mzee Kanda, huyo Zappa mkosi wake haukuishia hapo. Hata wiki haikuisha, tarehe 10 Desemba yuko London ukumbi wa Rainbow, mtu akapanda jukwaani akamsukuma, akaangukia kule chini wanakokaa wapiga ala za okestra. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu muda mrefu. Ukitaka kujua mtu aliyelogwa mwaka 1971 ni yule.

#11 Swali Tu
Mnaona sasa? Tumeshaacha gita tunazungumzia moto. Ndio hoja yangu! Wimbo umebebwa na hadithi.

#12 Nyuzi Sita
Mkuu hiyo hoja yako ina tobo. Kile kipande kilirekodiwa kabla maneno ya moto hayajaandikwa. Baada ya kasino kuungua wakatafutiwa ukumbi mwingine hapo hapo mjini, unaitwa Pavilion, wakaweka vyombo wakaanza kupiga usiku, na wimbo wa kwanza kuurekodi mle ulikuwa huo, wala haukuwa na jina. Kelele zile mji mzima uliamka, polisi wakaja. Vijana wao wa kubeba vyombo wakawa wameshikilia mlango kwa ndani ili wenzao wamalize kurekodi! Wakafukuzwa. Kwa hiyo gita lilikuwepo na polisi walishalisikia kabla ya hadithi.

Jina alilileta Roger Glover wa besi, aliamka usingizini siku chache baada ya moto akajikuta anatamka "Smoke on the Water", yaani moshi juu ya maji. Ian Gillan mwimbaji akasema hapana, hilo litaonekana ni wimbo wa madawa. Sasa wewe fikiria.

#13 Mti Mkavu
Polisi wanagonga mlango wao wanamalizia solo 😂😂 hiyo ndio roki

#14 Kifaranga
sisi kwetu ukipiga hata kinanda saa nne usiku mwenye nyumba anakata umeme hahitaji polisi

#15 Msafiri wa Ngong
Nawasalimu kutoka Nairobi. Nimepitia zote nimefurahi. Enyewe mimi nitatoa sababu tofauti kabisa na zenu. Si vidole, si moto. Ni Japan.

Mnajua albamu yao ya Machine Head, yenye wimbo huu, ilitoka 1972 lakini singo ya kwanza haikuwa Smoke on the Water? Walitoa Never Before, hiyo ndiyo waliamini itauza. Smoke ilikuwa imekaa tu kwenye albamu. Agosti 1972 wakaenda Osaka na Tokyo, wakarekodiwa jukwaani, ikatoka albamu ya Made in Japan. Sasa watu wakisikia ile ya jukwaani wakapagawa. Singo ya Smoke ikaja kutoka Marekani 1973, upande mmoja ya studio upande wa pili ya Japan, ikafika namba 4 kwenye chati za Billboard. Yaani zaidi ya mwaka baadaye! Wenyewe waliotunga hawakujua wameshika nini mkononi.

Mimi niliisikia kwa mjomba, alikuwa na kanda ya kurekodiwa redioni, upande mmoja Deep Purple upande wa pili mahubiri ya kasisi, kanda ikiisha unageuza unaokoka.

#16 Mzee Kanda
Nageuza nimeokoka 😂. Hizo kanda sote tulikuwa nazo. Yangu ilikatika nikaiunga kwa rangi ya kucha ya mama, ikawa kwenye solo ya Blackmore inaruka sekunde mbili hivi. Mpaka leo nikisikia solo nzima naona kama kuna kitu kimezidi.

#17 Domo Kaya
Mbona hakuna anayesema ukweli kwamba kile kipande KIMEIBWA??? Kuna wimbo wa Brazil, Astrud Gilberto ameuimba 1966, miaka mitano kabla ya moto, mpangaji ala Gil Evans. Usikilize mwanzo wake. Mtaniambia. Halafu huyo huyo Blackmore mwenyewe amekiri kwamba Black Night waliotoa 1970 walichota kwa Ricky Nelson, ile Summertime yake ya 1962. Na Child in Time wameichota kwa kundi la Marekani linaitwa It's a Beautiful Day. Jamaa mkopaji sugu!!

#18 Rizimu ya Mwisho
Nimeusikiliza huo wa Gilberto. Ni kweli unafanana, sibishi, ukiusikia unashtuka. Lakini kufanana kwa noti nne tano za skeli ya bluzi si wizi, skeli yenyewe ina noti sita tu, watu wote duniani wanachota kwenye mtungi mmoja lazima vikombe vigongane. Black Night hiyo sawa, kakiri mwenyewe.

#19 Nyuzi Sita
Na Blackmore ana maelezo yake mengine. Amewahi kusema alichukua Simfoni ya Tano ya Beethoven akaigeuza, na kwamba anadaiwa pesa nyingi na Beethoven. Sasa kama ni utani au kweli utajaza mwenyewe, yule mzee utani wake hauna kicheko unajikuta umeamini.

#20 Kifaranga
Beethoven, Brazil, Ricky Nelson... mleta uzi alisema noti 12, kumbe kila noti ina mwenyewe

#21 Domo Kaya
@Rizimu ya Mwisho mtungi mmoja ndio nini. Mimi nikichukua pikipiki yako nikasema barabara ni ya wote utakubali?

#22 Rizimu ya Mwisho
Pikipiki hapana. Lakini ukiendesha ya kwako ukapita njia niliyopita mimi jana, nikushtaki?

#23 Mutoto ya Katanga
Bandugu habari yenu, mimi ni wa Lubumbashi, naishi Ubelgiji. Mimi ni mpiga gita ya rumba, mi-solo, ile gita ya kati, na nataka kusema mnamuangalia Blackmore peke yake kama kwamba yuko peke yake. Sikilizeni tena mwanzo. Gita inaingia peke yake. Mzunguko ya pili inaingia ile sinia ndogo ya ngoma, ts ts ts ts, na kinanda. Kisha ngoma yote. Kisha besi. Mwimbaji yeye wa mwisho kabisa. Hiyo ni kazi ya kujenga nyumba, tofali juu ya tofali. Kwetu katika rumba ni vile vile, kila gita ina mlango yake ya kuingilia, ukiingia wote pamoja ni fujo ya sokoni.

Tena ile kinanda! Jon Lord alichukua Hammond akaichomeka kwenye amplifaya ya Marshall, za gita zile, ikawa inanguruma. Nusu ya sauti mnayofikiri ni gita ni Lord. Mungu amrehemu, alifariki 2012.

#24 Swali Tu
Mkuu wa Katanga hapo umenigusa. Nimeenda kusikiliza na earphone sikio moja moja. Ni kweli kinanda kimejificha nyuma ya gita kama mtu na kivuli chake. Kumbe miaka minne nampa sifa, samahani, namnyima sifa mtu mmoja wakati walikuwa wawili.

#25 Mti Mkavu
Kubali tu umeshindwa

#26 Swali Tu
Sijashindwa. Kama nusu ni Lord basi hoja yangu imepata nguvu, Blackmore anasifiwa kwa noti 6.

#27 Mzee Kanda
🤣🤣 mleta uzi una kipaji cha uwakili

#28 Fundi Ampu
Poleni na kuchelewa nilikuwa kazini. Nafanya kazi ya kutengeneza amplifaya na spika za makanisa na mabendi. Naomba niseme upande wa ufundi. Gita ni Fender Stratocaster, ina vile visumaku vya koili moja, sauti yake ni kali na nyembamba kidogo, ukiweka kwenye Marshall ukaikaza inapasuka lakini haizibi. Watu wengi wanaopiga huo wimbo wanaweka mchakacho, ile sauti ya kukwaruza, mwiiingi mpaka nyuzi mbili zinakuwa uji. Yeye kaweka wa kiasi. Ukipunguza mchakacho kila kosa la kidole linasikika, huna pa kujificha. Ndio maana nawaambia vijana wa kwaya wakija dukani punguza kwanza hiyo kitu tusikie kama unajua kupiga.

Pia mazingira. Baada ya Pavilion walihamia Grand Hotel, hoteli imefungwa kwa baridi, haina mgeni. Wakapanga magodoro kwenye korido kuzuia mwangwi. Ile lori ya kurekodia ikawa nje, ukitaka kwenda kusikiliza ulichopiga unapita vyumba vya kulala na baraza mpaka ufike, na kurudi hivyo hivyo kwenye baridi. Wakachoka wakaacha kwenda kusikiliza, wakawa wanapiga tu mpaka roho iridhike. Mimi naamini kabisa ule uhai wa albamu nzima umetokana na uvivu wa kupita baraza. Mtu akisikiliza sana kazi yake huanza kuiharibu, nimewaona wengi.

#29 Nyuzi Sita
Fundi Ampu umeua. Hii ya uvivu sijawahi kuisikia ikisemwa hivyo lakini inaingia akilini.

#30 Domo Kaya
Kwa hiyo sasa sababu ni magodoro

#31 Fundi Ampu
Magodoro na mkono mkuu.

#32 Bi Mwanaisha wa Forodhani
Jamani huo mji wa Montreux si ndio ule wenye sanamu ya Freddie Mercury? Mtoto wa Unguja kabisa yule, kazaliwa hapa 1946, watalii kila siku wanauliza nyumba yake.

#33 Chuma cha Reli
Ndiyo Bi mkubwa, tena habari zinaunganika. Kasino ile ilijengwa upya ikafunguliwa 1975, na ndani yake kukawekwa studio inaitwa Mountain. Queen, bendi ya Freddie, walirekodi hapo, baadaye 1979 wakainunua kabisa. Under Pressure na David Bowie imezaliwa mle 1981. Sanamu yake imesimama ufukweni mwa ziwa lile lile lililofunikwa na moshi. Yaani mahali Wazungu walipochoma moto mzanzibari akaja kufungua duka.

#34 Bi Mwanaisha wa Forodhani
Mashallah. Kumbe wimbo wa kaka yangu una undugu na Shangani.

#35 Msafiri wa Ngong
Bi Mwanaisha undugu wa kusukumiza huo lakini tunaukubali 😄

#36 Ndola Junction
Mimi ni Mtanzania nimekulia Zambia, hamjasema habari ya Zamrock nikashangaa. Miaka ya sabini vijana wa Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba, walikuwa wanapiga roki nzito kwelikweli, WITCH, Amanaz, mwimbaji wa WITCH alijiita Jagari kutoka kwa Mick Jagger wa Rolling Stones. Baba yangu alikuwa anacheza kwenye sherehe zao. Anasema bendi zote za mgodini zilipimwa kwa nyimbo mbili tatu za Kizungu kwanza, ukiweza ndio unaruhusiwa kuleta zako, na Deep Purple ilikuwa mojawapo ya mtihani. Kwa hiyo kuwa rahisi si aibu, mlango ukiwa mwembamba sana hakuna anayeingia.

#37 Swali Tu
Hii nimeipenda. Kwa maana hiyo wimbo ni mkubwa KWA SABABU ni rahisi. Nilisema mwanzo ni rahisi.

#38 Rizimu ya Mwisho
Ulisema ni rahisi kwa hiyo jamaa anabebwa. Usibadilishe gia angani. Na ile ya 6 kwenye 0-3-6-5 ndio yenye kazi, ile ni noti chungu ya bluzi. Iondoe uweke 5 mara mbili, unapata wimbo wa chekechea. Kuiweka pale mara moja tu katikati na usiirudie, hiyo ni akili si bahati. Nani alikufundisha hukukwambia?

#39 Swali Tu
Hakuniambia. Yeye alikuwa ananichapa fimbo ya vidole nikikosea, alifikiri noti zote ni sawa. Simtaji maana bado tunaimba naye.

#40 Kifaranga
swali la kizembe, huyo Blackmore bado yupo hai?

#41 Mzee Kanda
Yupo, kazaliwa Aprili 1945. Na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Aliondoka Deep Purple 1975 akaanzisha bendi ya Rainbow na mwimbaji Ronnie James Dio, akarudi 1984, akaondoka tena 1993 moja kwa moja. Kisha akaenda kupiga muziki wa zamani wa makasri na mke wake Candice, wanajiita Blackmore's Night, magita ya mbao na nguo za enzi za wafalme. 2016 Deep Purple wameingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, yeye hakutokea. Mtu aliyeupa ulimwengu kelele ile sasa hivi anapiga zeze la shamba, mtamwambia nini.

#42 Domo Kaya
Anajificha kwa wadai

#43 Mti Mkavu
Domo Kaya wewe 🤣

#44 Mutoto ya Katanga
Si ajabu. Wapiga gita wakubwa wakizeeka wanarudi kwenye gita bila umeme. Hata kwetu.

#45 Swali Tu
Wakuu nimerudi na ripoti. Jana usiku nimetupa piki, nimechomoa kwa vidole kama alivyosema Rizimu ya Mwisho, mchakacho nimepunguza kama alivyosema Fundi. Kwanza vidole vimevimba. Pili, imetoka vibaya sana, vibaya kuliko siku ya kwanza, mdogo wangu wa darasa la tano kaniuliza kaka leo unaumwa. Nyuzi hazitoki pamoja, moja inatangulia. Nimepiga saa nzima, mara mbili tu ndio imegonga sawa, na hizo mara mbili nimesisimka mwili. Lakini bado nasema Lord ana nusu yake na moto una robo.

#46 Rizimu ya Mwisho
Robo iliyobaki ndio inakuvimbisha vidole. Weka maji ya chumvi.

#47 Domo Kaya
Na Brazil je? Mmegawana wimbo wote Brazil hamjaipa kitu

#48 Fundi Ampu
Mleta uzi, kuvimba ni kwa sababu nyuzi zako ni nene na ziko juu mno ya shingo. Lete hilo gita nilishushe. Na ubadilishe uzi wa G, huo nadhani una kutu.

#49 Kifaranga
uzi wa nyuzi umeishia kwa fundi. kuna mwenye tabu (zile namba za kupigia) za solo ya katikati? hiyo ndio hakuna mtoto wa darasa la tano anayeiweza